Novemba ya Korosho na Mtihani: Pointi Moja Inavyoamua Safari ya Kidato cha Tano

Kila mwaka ifikapo Novemba, mambo mawili makubwa hukutana katika kaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Msimu wa korosho huwa umepamba moto, na wakati huohuo wanafunzi wa kidato cha nne huingia katika vyumba vya mitihani kufanya mtihani wa Taifa unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoanzishwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973. Korosho iliyodondoka inataka kuokotwa mapema, na mtihani nao hausubiri.

Ili kaya ipange vyema, ni muhimu wazazi na walezi wafahamu namna matokeo yanavyokokotolewa. Katika kila somo, alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. A hubeba pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi hujumlishwa, hivyo pointi zikiwa chache ufaulu ni bora. Jumla ya 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu na 26 hadi 33 la nne. Pointi 34 au 35 ni daraja sifuri.

Sifa ya msingi ya kuchaguliwa kidato cha tano katika shule za Serikali ni ufaulu wa C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, pamoja na jumla ya pointi zisizozidi 25. Mwanafunzi wa masomo saba mwenye C tatu na D nne ana pointi 25 kamili, hivyo ana sifa. D moja ikigeuka F, jumla inakuwa 26 na nafasi inapotea, ingawa C zake tatu zipo palepale.

Kwa hiyo, kulitelekeza somo linaloonekana gumu ni hasara kubwa. Hisabati, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na ufaulu wa chini kitaifa, ni mfano ulio wazi. Mwanafunzi asiyetarajia A katika somo hilo bado ana sababu ya kuzitafuta alama 30, kwa kuwa ndizo zinazoitenganisha D na F.

Nyenzo za kumsaidia zipo. Katika tovuti ya NECTA hupatikana bila malipo fomati za mitihani, mitihani ya miaka iliyopita na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Taarifa hizo hutaja mara kwa mara kutoelewa matakwa ya swali na umahiri mdogo wa lugha ya Kiingereza. Hoja hiyo inawagusa watoto waliokua wakizungumza Kimakonde, Kimakua au Kiyao, wakasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakakutana na masomo mengi ya sekondari kwa Kiingereza. Mazoezi ya kuandika majibu kamili yanapaswa kuanza mapema, si wiki chache kabla ya mtihani.

Tangu Januari 2016 Serikali imeondoa ada hadi kidato cha nne. Hata hivyo, muda wa kujisomea hutolewa na kaya yenyewe. Kuanzia Mnyambe hadi Ndanda, mzazi anaweza kugawa upya kazi za kuokota korosho na kuteka maji ili mtahiniwa apate saa za kusoma kila siku, na kuchangia chakula cha mchana shuleni kadiri ilivyokubaliwa.

Kwa aliyekosa ufaulu, mlango haujafungwa. Anaweza kujisajili kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aidha, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unawaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, kurejea shuleni. Mzazi au mlezi anashauriwa kuonana na mkuu wa shule iliyo karibu ili kupata utaratibu.