Tiga Analala kwa Mjomba

Wanangu, sogeeni karibu. Leo sina sungura wala fisi. Nina mbwa mmoja tu, tumpe jina Tiga, na makazi yake yawe Dutumi, Kibaha Vijijini, huku kwenye bonde la Ruvu. Kazi za Tiga mnazijua. Usiku anabwekea nguruwe pori wasimalize mahindi, mchana anafukuza ngedere, jioni anakaa njiani kumsubiri rafiki yake atoke shule. Rafiki mwenyewe yuko darasa la nne.

Sasa tuseme mama wa nyumba ile anaumwa, na baba anampeleka hospitali ya Muhimbili. Watoto wanakwenda kwa shangazi yao Maneromango, kule Kisarawe. Kwanza bodaboda mpaka Mlandizi, halafu gari, halafu gari jingine. Kondakta gani atakubali kupakia mbwa? Tiga inabidi abaki.

Mijini, kama Dar es Salaam na Nairobi, wapo watu wanaowalaza mbwa wa wenzao kwa malipo, mwenye mbwa akisafiri. Dutumi hatuna biashara hiyo, ila tuna wajomba. Na kwa maoni yangu mjomba ni bora kuliko chumba cha kulipia, mradi Tiga awe amemzoea kabla ya siku ya safari.

Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Alfajiri ya safari wanamkokota mbwa kwa kamba, wanamfunga chini ya mwembe wa watu, wanaondoka mbio wasikose gari. Tiga ataelewa nini? Hajui Muhimbili ni nini, na hakuna lugha ya kumwambia kwamba mtarudi Ijumaa. Anachoona ni kwamba nyumba yake haipo, watu wake hawapo, na shingoni ana kamba.

Jambo hili limepimwa. Miaka ya 1990, huko Ohio, Marekani, watafiti walichukua damu ya mbwa walioletwa kwenye kituo cha kuhifadhi mbwa. Walikuwa wanatafuta kortisoli, ile homoni ambayo mwili huitoa kwa wingi ukiwa na hofu au shida. Siku tatu za mwanzo ilikuwa juu sana, kisha kwa mbwa waliokaa zaidi ikaonekana imeshuka. Kwa hiyo siku za kumwangalia Tiga kwa makini ni zile za mwanzo.

Rafiki yake Tiga ana akili. Wiki moja kabla ya safari anampeleka kwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo umekuja na mlinzi?"

"Nimemleta akuzoee. Baba amesema tutasafiri."

"Basi mlegezee kamba. Mwache anuse, usimvute."

Tiga anaanza na mguu wa mjomba. Anahamia kwenye kinu, kwenye zizi la mbuzi, kwenye jiwe la kunolea panga, kisha anarudi tena kwenye mguu. Mjomba hamgusi wala hamkazii macho. Anamtupia kipande cha ugali kilichochovywa kwenye mchuzi wa dagaa na kuendelea kumenya muhogo wake. Kesho yake wanakuja tena. Mara ya tatu Tiga anatangulia mwenyewe, mkia juu.

Siku ya safari ikifika, mtoto anabeba vitu viwili: bakuli la Tiga, na fulana yake mwenyewe ya kuchezea mpira ambayo haijafuliwa. Mama angeiona angefoka, lakini fulana hiyo ina kazi yake. Mwanasayansi wa Marekani aitwaye Gregory Berns, wa Chuo Kikuu cha Emory, aliwafundisha mbwa 12 kulala bila kutikisika ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili. Wakiwa mle aliwanusisha harufu za aina tano: ya mbwa mwenyewe, ya mbwa wanayemjua, ya mbwa mgeni, ya mtu wanayemjua na ya mtu mgeni. Sehemu ya ubongo inayoamka mnyama anapotarajia jambo zuri iliamka zaidi kwa harufu ya mtu wanayemjua. Na mtu mwenyewe hakuwepo mle chumbani! Harufu yake peke yake ilitosha. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2014. Basi ukimwachia mbwa nguo, usiifue.

Chakula nacho kisibadilike. Kama Tiga amezoea ugali wa dona na dagaa jua linapozama, mjomba ampe hicho hicho, saa hiyo hiyo. Wapo wanaomwonea mbwa huruma wakampa mifupa na mapochopocho siku ya kwanza. Usiku tumbo linamharibikia, na hofu yake inaongezewa ugonjwa. Akikataa kula siku ya kwanza, msimlazimishe. Maji tu yasikosekane, na yawekwe kivulini.

Halafu kuna suala la kamba. Wengine hufunga mbwa mgeni kutwa nzima kwa mnyororo mfupi, ati asitoroke. Mimi silipendi jambo hilo hata kidogo. Mbwa mwenye hofu akiona hawezi hata kusogea, hofu inageuka hasira. Afadhali kibanda chenye mlango, au uzio, na asubuhi na jioni atembezwe kwa kamba ndefu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, nayo inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Kwa hiyo mtoto akimwambia mjomba kwamba mnyororo ule ni mfupi mno, amwambie kwa adabu, lakini amwambie.

Watoto wa mjomba nao watataka kucheza na mgeni. Wao wajifunze kumsoma. Mbwa akifyata mkia, akilaza masikio nyuma, akipiga miayo na usingizi hana, akijilamba midomo na chakula hakuna, au ukiona weupe wa jicho lake pembeni, anasema, "Niacheni kwanza." Kunguruma ni onyo kali, na msimpige kwa kunguruma, maana akizoea kunyamaza siku nyingine atauma bila onyo. Asisogelewe akiwa anakula au amelala. Na kabla ya safari yoyote awe amechanjwa kichaa cha mbwa. Muulizeni afisa mifugo. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Najua mtaniuliza: na sisi ambao nyumbani mate ya mbwa ni najisi? Huku Pwani wengi wetu ni Waislamu, na mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda anaruhusiwa kufugwa. Hahitaji kukulamba ndipo atulie. Kaa naye kivulini, mwite jina lake kwa sauti ya chini, mrushie kijiti akakifuate. Huo nao ni urafiki.

Kama mjomba ana redio, aiwashe kidogo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, pamoja na shirika moja la kutetea wanyama, waliwapigia muziki mbwa walio vibandani huku wakipima mapigo ya moyo. Roki laini na rege ndizo zilizowatuliza zaidi. Bob Marley kumbe ana wapenzi wa miguu minne! Ila msifungulie spika za harusini, kwa sababu sikio la mbwa linasikia kuliko letu.

Na msidhani ni mbwa wa nyumbani tu wanaohitaji mtu wao. Kule Usa River, Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu zinazofichwa kwenye mizigo bandarini na kwenye viwanja vya ndege. Mpango huo ulianza mwaka 2014. Mbwa wengi walitoka Ulaya, hawajui nchi wala joto lake. Kila mbwa anahitaji askari wa kumwongoza anayemwamini, na mbwa akigundua pembe, ujira wake ni kuchezeshwa mpira. Baadhi ya askari wenyewe walikuwa wanaogopa mbwa tangu utotoni, kama baadhi yenu hapa. Urafiki uliwabidi waujenge, kwa sababu bila huo hakuna kazi.

Turudi kwa Tiga. Saa ya kuagana imefika. Mtoto asilie shingoni mwa mbwa, maana mbwa hunusa na kuona wasiwasi wetu. Amkabidhi mjomba kamba, atandike fulana kibandani, aseme, "Tiga, kaa," kama asemavyo kila siku, kisha aondoke. Usiku Tiga atalia. Mjomba asimfokee, ila atoke na tochi, akae naye kidogo, arudi ndani. Usiku wa pili huenda kilio kikapungua.

Mkirudi, mtamkuta anaruka na kuzunguka kama kichaa. Mpeni nafasi apoe, mpeni maji, mrudishieni saa zake za kawaida. Huenda akalala sana kwa siku moja au mbili, mkadhani mjomba amemnyima chakula. Msimlaumu mjomba. Mbwa aliyelala ugenini huwa halali vizuri, anakesha akisikiliza, na akifika kwao anafidia usingizi. Ila akitapika, akiharisha damu au akikataa maji, hapo si usingizi tena. Mwiteni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.