Habari za maafa zisikunyime usingizi

MACHO hayana pazia, walinena wahenga. Mtu akishaona jambo la kutisha hawezi kulifuta kwa kufumba macho. Methali hii inatuhusu wengi wetu ambao siku hizi hulala na simu chini ya mto, na kila inapolia tunazinduka kutazama ni nani aliyekufa, ni wapi kulikochomwa na ni wangapi hawajulikani waliko.

Wakazi wa mtaa wa Shirere, mjini Kakamega, hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Jioni ya Februari 3, 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikanyagana kwenye ngazi walipokuwa wakitoka madarasani kwenda nyumbani. Watoto 14 walifariki na wengine wengi wakajeruhiwa. Kwa taifa zima hiyo ilikuwa habari kuu ya siku. Kwa Shirere na mitaa jirani, walikuwa watoto wa mji wao.

Walio karibu waliweza kukimbia shuleni au hospitalini. Aliye mbali alibaki na redio na simu tu. Aghalabu sisi humwonea huruma yule aliyekuwa mahali pa tukio na kumsahau huyu wa pili. Kumbe naye huumia.

Yasemavyo matokeo ya utafiti

Mnamo Aprili 2013, mabomu yalilipuka kwenye mbio za marathoni mjini Boston, Marekani. Wiki chache baadaye, watafiti Alison Holman, Dana Rose Garfin na Roxane Cohen Silver wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwauliza maswali watu wazima zaidi ya 4,600. Waligundua kwamba waliofuatilia habari za milipuko hiyo kwa saa sita au zaidi kila siku katika wiki ya kwanza walikuwa na dalili nyingi za mfadhaiko kuliko hata watu waliokuwa pale pale au karibu.

Yamkini mwenye wasiwasi ndiye anayekaa zaidi mbele ya televisheni. Hata hivyo, ni wazi kwamba kukaa huko hakumtulizi. Picha ile ile huonyeshwa mara 20, na moyo hushtuka kila mara kana kwamba jambo limetokea upya.

Je, basi tuzime redio na kuacha kununua magazeti? La hasha. Wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi mwaka wa 2007 na 2008, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, kujua barabara ipi haipitiki lilikuwa jambo la kufa na kupona. Mzazi mwenye mtoto katika shule ya bweni hangeweza kupuuza habari za moto uliowaua wanafunzi 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, mnamo Septemba 2024. Kujua ni haki yetu na ni kinga pia. Tatizo ni namna tunavyozipokea habari hizo.

Funzo la matanga

Wazee wetu hawakujua simu, lakini walijua kuishi na msiba. Katika jamii ya Waluhya, msiba una mahali pake, nao ni boma la marehemu. Una wakati wake, kuanzia siku ya kifo hadi mazishi na siku chache baadaye. Una watu wake, wanaokesha pamoja kando ya moto wa magenga. Na una kazi zake: huyu abebe kuni, yule ateke maji, mwingine akusanye mchango. Mwishowe watu hutawanyika na kurudi mashambani.

Msiba unaokuja kwa simu hauna lolote kati ya hayo. Mtu hulia peke yake saa nane za usiku kwa ajili ya watu asiowajua. Hana wa kumpa pole, hana kuni za kubeba, na matanga yenyewe hayaishi. Dawa, kwa hivyo, ni kuzirudishia habari mambo haya manne.

Kwanza, zipe habari wakati. Wakati wa janga la korona mwaka wa 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri watu watafute habari mara moja au mbili kwa siku, tena kutoka vyanzo vya kuaminika. Taarifa ya saa moja jioni yatosha kwa wengi. Baada ya hapo ni chakula, mazungumzo na usingizi.

Pili, zipe mahali. Sebuleni panafaa, kitandani hapafai. Acha simu ilale chumba kingine. Na picha za maiti usizitazame wala kuzisambaza. Baada ya shambulizi katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, ambapo watu 148 waliuawa, picha za waliouawa zilisambazwa kwenye mitandao. Hebu fikiria mzazi aliyemtambua mwanawe kwa njia hiyo.

Tatu, zisikilize pamoja na wenzako. Mama, usinyamaze ukidhani watoto hawajui. Wamekwisha kusikia njiani. Waulize wamesikia nini, wasahihishe kwa maneno machache ya kweli, kisha waeleze ni nani anayewalinda. Nanyi akina baba, mlioambiwa tangu utotoni mjikaze, msiifiche hofu katika ubishi wa siasa wala katika busaa. Kumwambia mwenzako kwamba jambo fulani limekutia uchungu si udhaifu.

Nne, tafuta la kufanya, hata liwe dogo. Toa damu, changa kidogo, mtembelee aliyefiwa. Mzazi anayesimama katika mkutano wa shule na kuuliza kama ngazi zinatosha, na kama milango yote hufunguka haraka, ameipa hofu yake kazi. Mwenzake anayekesha akisoma maoni ya watu kwenye simu hadi alfajiri huamka na hofu ile ile, pamoja na uchovu.

Dalili za kuangalia

Huzuni baada ya habari mbaya si ugonjwa. Lakini ukiona kwamba wiki zinapita na bado hulali, huli vizuri, unashtuka ovyo au huwezi kufanya kazi yako, usingoje. Nenda kituo cha afya ueleze kama ambavyo ungeeleza homa. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini lina nambari ya simu isiyolipishwa, 1199, kwa wanaohitaji ushauri nasaha, na kwa masuala ya watoto ipo nambari 116.

Wahenga walisema pia kwamba kifo cha wengi ni harusi. Hawakumaanisha kwamba kifo ni furaha. Walimaanisha kuwa mzigo ukibebwa na wengi hupungua uzito. Usiku wa leo, habari zikiwa nzito, mwite jirani mnywe chai.