Peke Yake, Upweke, Ukiwa: Maneno Yanayokaribiana Maana

Mtahiniwa, soma sentensi hizi mbili:

(a) Bibi anaishi peke yake.
(b) Bibi anaishi katika upweke.

Je, zina maana moja? Hapana. Sentensi (a) inahesabu watu: nyumbani hamna mwingine. Sentensi (b) inaeleza hali ya moyo: bibi anakosa mtu wa kuzungumza naye. Bibi wa kwanza huenda ana furaha, na majirani humjulia hali kila asubuhi. Bibi wa pili huenda anaishi na wajukuu watano ambao hawana muda naye. Ukichanganya maneno haya katika insha, utambebesha mtu huzuni asiyokuwa nayo, au utaificha ile aliyo nayo.

1. Peke yake
Hiki ni kielezi. "Peke" hufuatwa na kimilikishi chenye ya-: peke yangu, peke yako, peke yao. Mpunga unapokaribia kuvunwa, mkulima wa Magole wilayani Kilosa hushinda juu ya dungu akiamia ndege. Yuko peke yake, lakini si lazima awe mpweke.
Zingatia: usiandike "pekee yake". Neno "pekee" huonyesha kuwa hakuna mwingine wa aina hiyo: Asha ni mtoto pekee wa mama yake. Asha huyo anaweza kukaa katikati ya wenzake hamsini darasani, na bado ni mtoto pekee.

2. Upweke
Ni nomino ya hali. Mwenye hali hiyo ni mpweke. Hutaja maumivu ya kukosa mwenzi au mtu wa kukuelewa. Mwanafunzi aliyehamia shule mpya anaweza kuwa mpweke hata katika bweni lililojaa.

3. Ukiwa
Neno hili ni zito zaidi, kwa sababu hubeba wazo la kupotewa. Mkiwa ni mtu aliyeondokewa na watu wake au aliyebaki bila wa kumtegemea. Mahali pia huwa na ukiwa. Januari 2014 mafuriko yaliikumba Magole na vijiji jirani, nyumba zikabomoka na barabara ya Morogoro–Dodoma ikakatika eneo la Dumila. Mwandishi anayeeleza tukio kama hilo anaweza kusema: Maji yalipopungua, ukiwa ulitanda kijijini. Akiandika "upweke", hasara yote ya watu hao haitaonekana.
Zingatia: usichanganye nomino hii na kitenzi "ukiwa", kama katika "Ukiwa na swali, uliza." Katika kitenzi hicho, u- ni nafsi ya pili umoja, -ki- ni ya masharti, na -wa inatokana na kitenzi "kuwa". Tungo ndiyo itakayokuonyesha ni neno lipi.

4. Faragha
Ni hali ya kuwa mbali na macho na masikio ya wengine kwa kupenda. Watu wawili au watatu pia wanaweza kuwa na faragha: Wazazi walizungumza faraghani kuhusu ada. Hakuna huzuni hapa.

5. Kujitenga na kutengwa
Mzizi ni mmoja, -teng-, lakini mofimu moja hugeuza lawama. Katika "kujitenga", -ji- huonyesha kuwa mtu ameamua mwenyewe. Katika "kutengwa", -w- ya kutendwa huonyesha kuwa wengine ndio waliomwondoa. Methali isemayo "Mkataa wengi ni mchawi" humlaumu anayejitenga. Usiitumie kumlaumu aliyetengwa.

Kabla ya kuchagua neno, jiulize: Je, nahesabu watu au naeleza moyo? Nani ameamua? Kuna kilichopotea?

Zoezi
Jaza nafasi kwa neno au maneno yanayofaa.
(i) Juma alibaki darasani ______ akimalizia hesabu.
(ii) Daktari alimwomba baba atoke ili azungumze na mgonjwa kwa ______.
(iii) Baada ya wazazi wote wawili kufariki, nyumba ilijaa ______.
(iv) Amepanga chumba karibu na shule. Majirani ni wengi, lakini hana wa kumweleza shida zake. Anasumbuliwa na ______.

Majibu
(i) peke yake: tunahesabu watu tu. (ii) faragha: wameamua kutosikiwa. (iii) ukiwa: kuna msiba. (iv) upweke: watu wapo, mwenzi hayupo.

Maarifa haya hayaishii kwenye chumba cha mtihani. Rafiki akikuambia, "Leo nataka kukaa peke yangu," mpe nafasi. Akikuambia, "Nina upweke," usimwache.