Fimbo ya filme na fimbo ya babu

Watoto wetu wakiangalia filme za Indiana Jones, wanatoka inje na kamba mkononi. Vile fimbo ya Harrison Ford haifanane na ile babu walijua.

Ile ya filme ya 1981 ilisukwa kwa ngozi ya kangaroo. Ile kubwa yenyewe ilikuwa na metre 3 hivi. Zingine zilikuwa fupi ama ndefu kufuata tendo. Ni nene mkononi, nyembamba kwenye ncha. Ukiirusha, mwendo unaongezeka mpaka ncha inapita sauti, metre 340 kwa segonde. Njo inalia "paa!" bila kugusa mtu. Kuning'inia nayo juu ya shimo, hiyo ni mambo ya filme.

Fimbo ya Wabelgiji, chicotte, ilikatwa katika ngozi ya kiboko iliyoanikwa kwa jua, ngumu, yenye makali pembeni. Ile haikuwa ya kelele. Mtu alilazwa chini, polisi mweusi anapiga, mzungu anahesabu. Wachimbaji wa zahabu wa Kilo-Moto waliijua. Ilifutwa 1959, mwaka mmoja mbele ya uhuru.

Mtoto akicheza, wenzake wasimame mbali: ncha inatoboa jicho. Na kama mzee wa nyumba hacheki akisikia ile "paa", mumuulize baba yake alimwambia nini.