Turbo ya Maji au Turbo ya Mafuta?

Mwaka 2018 dada yangu wa Uvira alipoteza turbo mbili kwa muda wa miezi saba. Kamioneti yake ya mazutu, ya okazioni, ilikuwa ikipakia ndagala Kalundu na kupandisha Bukavu, na hiyo ndiyo iliyolipa minervali ya watoto watano. Turbo ya kwanza ilikufa kwa kelele na moshi wa buluu njia nzima. Ya pili ilikufa kimya. Pesa iliyobaki ikawa ya turbo moja tu. Basi alituita jamaa tukae pamoja, juu mekanisie wawili walikuwa wanabishana: mmoja anasema nunua ya maji, mwingine anasema ya mafuta.

Wasomaji wapenzi, wengi kati yenu mnaishi kwa motokari ya namna hii. Afadhali tuelezane.

Turbo ni kama konokono wawili wa chuma waliofungwa mgongo kwa mgongo. Moshi wa motere unapita kwa mmoja na kuzungusha gurudumu dogo. Gurudumu la upande wa pili linasukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mazutu yanaungua vizuri, na motere ndogo inapata nguvu za kubwa. Fundi Mswisi, Alfred Büchi, aliandikisha wazo hilo mwaka 1905. Kati ya magurudumu hayo kuna mhimili mmoja mwembamba, unaoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Ukipanda na mzigo, moshi wa mazutu unaofika pale unaweza kupita digrii 600. Wa esansi ni mkali zaidi, unaweza kupita 900. Na mhimili ule haukai juu ya chuma kikavu, unaelea ndani ya mafuta.

Kwa hiyo jina la “turbo ya maji” linadanganya watu. Hakuna turbo ya motokari zetu inayoishi kwa maji peke yake. Zote mbili zinakunywa mafuta ya motere. Ile ya mafuta ina mpira au bomba jembamba juu linaloleta mafuta, na bomba nene chini la kuyarudisha. Ile ya maji ina hayo mawili, halafu ina mabomba mengine mawili yanayotoka na kurudi kwenye maji ya radiatere. Ukienda kununua, hesabu matundu kwanza.

Sasa maji yanafanya kazi gani? Wakati motere inazunguka, mafuta yenyewe yanapoza mhimili vya kutosha. Hatari inakuja ukizima. Pompo ya mafuta inasimama, lakini konokono wa moshi bado ni mwekundu kama mkaa, na joto lake linatambaa kuelekea mhimili. Mafuta kidogo yaliyobaki yanaungua na kuwa masizi magumu. Ukifanya hivyo kila siku, njia za mafuta zinaziba, na siku moja mhimili unazunguka mkavu. Kwenye turbo ya maji, hata motere ikiwa imezimwa, maji yaliyopata moto yanapanda na mengine ya baridi kidogo yanaingia mahali pao, bila pompo. Joto linaondoka polepole na mafuta hayaungui.

Mjue vizuri njia ya dada yangu. Uvira iko karibu na ziwa, ambalo liko kwenye meta 770 hivi. Bukavu iko karibu meta 1,500. Sehemu kubwa ya mpando huo inakutana nawe Ngomo, kati ya Kamanyola na Nyangezi. Mpwa wangu, ndiye shofere, alikuwa anapanda kwa nguvu zote, akifika juu anazima palepale kwa kuchunga mazutu. Na kwenye bariere, unajua mwenyewe: “Zima motere, leta makaratasi.” Turbo ilikuwa bado inawaka.

Mzee mmoja wa garaji ya Mulongwe, aliyekuwa akisikiliza tu, alimuuliza: “Wewe, ukifika unazimaka mara moja?” Kijana akajibu, “Ndiyo, mzee.” Mzee akasema: “Ile kamyo yangu iko na turbo ya mafuta tu, miaka mingi sijaigusa. Lakini mimi nasimamaka dakika mbili, motere inazunguka polepole, halafu nazima.”

Basi kwa nini asinunue ya mafuta, ambayo ni rahisi na haina mabomba ya kuvuja? Kwa kamyo ya mazutu iliyotengenezwa hivyo kiwandani, ni sawa kabisa. Lakini kamioneti ya dada ilizaliwa na ya maji. Na hapa siri ya turbo ya pili ikatoka: radiatere ilikuwa inavuja, na yule aliyeifunga aliziba mabomba ya maji, akisema si lazima. Turbo iliyoumbwa ipoe kwa maji, ukiinyima maji, inakufa upesi kuliko ile isiyoyajua tangu mwanzo. Kwangu mimi huo ulikuwa wizi, hata kama alifanya kwa kutojua.

Maji nayo yana masharti. Wengi wetu kando ya ziwa tunajaza radiatere kwa ndoo. Maji ya Tanganyika yana chumvi za mawe, nyingine zinaletwa na Ruzizi kutoka Kivu. Yakichemka yanaacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, na bomba la turbo ni jembamba. Tafuteni maji safi na dawa ya radiatere. Ninyi wa Kamituga na Misisi, ongezeni filtre ya hewa: vumbi la njia za machimbo linakula gurudumu la hewa kama msasa, na hapo maji wala mafuta hayasaidii.

Dada alinunua ya maji. Radiatere ilishonwa kwanza, mafuta na filtre yake vikabadilishwa, bomba la mafuta likasafishwa masizi ya zamani, maana turbo mpya juu ya bomba lililoziba ni pesa mtoni. Kabla ya kuwasha, mzee alimimina mafuta kidogo ndani ya tundu la juu na kuzungusha mhimili kwa kidole.

Toka siku ile, mpwa wangu akifika Nyangezi alikuwa anakaa dakika mbili motere ikinguruma. Mama wauza ndizi walikuwa wanamkimbilia, wakidhani anangoja abiria.