Afande, Nimesahau Leseni

Askari wa usalama barabarani nchini Tanzania huvaa shati jeupe lenye alama za cheo mabegani. Mimi pia. Suruali yao ni nyeupe na yangu ni nyeusi, lakini nikiwa nyuma ya usukani kwenye foleni ya Tazara, Dar es Salaam, asubuhi, nani ataiona suruali? Anayechungulia dirishani anaona bega na tai. Bodaboda aliyetundika kofia ngumu kwenye usukani anaivaa haraka haraka. Dereva wa kirikuu anavuta mkanda. Siku moja mwenye bajaji alinisogelea kabla sijamwuliza lolote, akasema kwa unyenyekevu, "Afande, nimesahau leseni nyumbani, nilikuwa nawahisha mtoto hospitali." Nikamwambia mimi ni rubani wa ndege. Akanitazama usoni, akatazama tena mabega, kisha akasema, "Sawa afande, lakini leo tu nisamehe."

Nina tepe nne za rangi ya dhahabu. Nne ni za kapteni, tatu ni za rubani msaidizi. Hazihusiani na polisi wala jeshi. Marubani wa zamani walivaa makoti mazito ya ngozi kwa sababu walikaa mahali pa wazi, upepo na baridi vikiwapiga. Ilipofika miaka ya 1930, shirika la Pan American la Marekani, lililokuwa na ndege za kutua majini, liliwavalisha marubani wake kama maofisa wa meli. Watu wa wakati ule waliiogopa ndege lakini walimwamini nahodha. Ndiyo maana hadi leo tunaitwa kapteni, na ndiyo maana nina tepe begani. Nguo hii ilishonwa ili kuondoa hofu ya abiria, na shida zangu zote ndani yake zinaanzia hapo. Mtu aliyevaa kitu cha kutuliza watu hana ruhusa ya kuwatisha, hata kwa bahati mbaya.

Kwa mfano, rubani hakimbii. Mwenzangu mmoja alisahau simu chooni, akatoka mbio kurudi ndani ya jengo la abiria. Foleni nzima iliyokuwa getini ilinyamaza. Dada mmoja alikwishaanza kukunja mwavuli wa mtoto ili aondoke. Tangu siku hiyo, mwenzangu huyo hata akichelewa hutembea kama bwana harusi. Vilevile hatupigi miayo mbele ya abiria, hatukuni kichwa huku tukitazama injini, na hatujibu utani. Abiria akiuliza, "Kapteni, leo tutafika kweli?" jibu ni "Tutafika," basi. Ukijaribu kuchekesha, kuna mmoja nyuma yake ambaye hatacheka, na huyo ndiye atakayekaa safari nzima ameshika viti viwili.

Ila mtihani mkubwa ni kusafiri kama abiria huku nimevaa sare. Hutokea. Ndege inabaki Mwanza kwa matengenezo, sisi tunarudishwa Dar es Salaam kwa ndege nyingine, tunakaa vitini kama watu wote. Mara moja nilipangwa dirishani, kando ya mama mmoja aliyekuwa na kikapu mapajani ambacho mhudumu alikuwa akimbembeleza akiweke chini ya kiti. Mama alinitazama, akautazama mlango wa chumba cha marubani ambao ulikuwa umefungwa, akanigeukia tena.

"Mwanangu, sasa huko mbele yuko nani?"

Nikamweleza kwamba wako wawili, wazima, na kwamba mimi leo ni abiria mwenzake. Alikubali kwa mdomo. Tulipokaribia usawa wa Dodoma, mawingu ya mchana yakaanza kututikisa. Hakuna aliyetazama nje. Wote wa safu za karibu walinitazama mimi usoni, wanasoma. Nilikuwa nimeamka saa tisa usiku, usingizi umenishika, nikafumba macho. Nikasikia mtu nyuma yangu ananong'ona, "Jamani, hata rubani anaomba." Ikabidi nifumbue macho, nichukue jarida la kwenye mfuko wa kiti na kusoma tangazo la magodoro kwa furaha.

Niliyomwambia mama yule nayasema na hapa, kwa kuwa huulizwa kila wiki. Jua likipasha ardhi moto, hewa hupanda, na ndege ikikatiza hewa hiyo lazima itikisike. Bawa linalopinda-pinda halivunjiki, limeundwa lipinde. Wanaoumia katika mitikisiko ni hasa wale ambao hawakufunga mkanda. Tukianza kushuka, mngurumo hupungua, na wengi hudhani injini imezima. Haijazima. Tumepunguza nguvu tu, kwa sababu kushuka hakuhitaji nguvu ya kupanda. Na ndege za mapangaboi, ambazo watu huziguna wakizikuta uwanjani, zina injini za aina ileile ya msingi kama za jeti. Tofauti ni kwamba nguvu yake kubwa inapelekwa kuzungusha pangaboi. Zinafaa safari fupi na viwanja vyenye njia fupi ya kurukia. Si ndege za kizamani.

Kuna kipindi ambacho hakuna aliyeniuliza kwa utani. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilitumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwemo, na wavuvi ndio waliotangulia kwenda kuokoa. Wiki ile abiria walipanda ngazi kimya. Wengine walinishika mkono wakaupita mlango bila kusema neno. Mzee mmoja alisimama mbele yangu akaniuliza kama nimeangalia hali ya hewa ya tunakokwenda. Siku nyingine ningemjibu "ndiyo baba" nikatabasamu. Siku hiyo nilikunjua karatasi, nikamsomea: upepo huu, umbali wa kuona huu, mawingu kimo hiki. Sidhani kama alielewa tarakimu zile. Alisikiliza hadi mwisho, akasema ahsante, akaenda kukaa.

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Tanga, na hilo lina vituko vyake. "Dada, naomba maji" nimeshaisikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi, kama niko karibu na maji, naleta maji. Sioni fedheha, mhudumu aliye nyuma amesomea kukutoa kwenye ndege inayowaka moto, na kufananishwa naye si tusi. Kinachonikera ni yule anayeshuka, akanipita mimi mwenye tepe nne, akampa mkono kijana wa tepe tatu na kumwambia, "Ahsante kapteni, umetua vizuri." Kijana naye anaitikia. Tukirudi garini namkumbusha kwamba kweli aliyetua ni yeye, maana tunapokezana, lakini cheo akiache kwa mwenyewe.

Kigumu kuliko vyote ni salamu. Mzee wa umri wa baba yangu ananiona nakuja na begi langu, anasimama kando, anasema, "Shikamoo mkubwa." Ameiamkia sare. Jibu la shikamoo mnalijua, na mimi siwezi kulitamka kwa mtu ambaye angeweza kunizaa. Hata nikiwa nimevaa tepe kumi, bibi yangu angefufuka. Dawa niliyoipata ni kuwahi. Nikimwona mzee kwa mbali namrushia yangu kwanza, "Shikamoo baba!" naye anashtuka, anaitikia kwa raha. Akiniwahi yeye, sijibu yake. Napunguza kimo kidogo, namwamkia upya kana kwamba sikumsikia. Abiria wanaotazama hudhani rubani ana matatizo ya masikio. Afadhali.

Ndani ya chumba cha marubani mambo hugeuka. Mara nyingi naruka na mzee aliyestaafu jeshini, ambaye alikuwa akirusha ndege mimi nikijifunza kusoma. Alikuja kwenye ndege za abiria baadaye, kwa hiyo yeye ni msaidizi na mimi ni kapteni. Asubuhi kwenye gari la kampuni namwamkia, ananiita mwanangu, ananiuliza watoto. Mlango ukifungwa ananiita Kapteni, na akiona nimekosea ananiambia papo hapo, kwa maneno makavu. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana ardhini na watu 583 wakafa. Kapteni mmoja alianza kuruka bila ruhusa, na wenzake chumbani, ambao alikuwa amewazidi cheo mbali, hawakumzuia kwa sauti ya kutosha. Baada ya ajali kama hizo ndipo mafunzo yalipobadilika, mdogo akafundishwa kusema na mkubwa akafundishwa kusikia. Kwa sisi tuliolelewa kutomkatiza mkubwa kauli, somo hilo lilikuwa gumu kuliko hesabu za mafuta.

Kisha kuna vifurushi. Dereva wa basi la mkoani hubeba bahasha, dawa, hata funguo za nyumba, kwa hiyo watu huona rubani naye ni dereva, tena wa haraka. Mama wa rafiki yangu alinisubiri uwanjani na boksi lililofungwa kwa kanga. "Ni nguo za mtoto tu, mwanangu, Mwanza watakuja kupokea." Nilijua ni nguo za mtoto. Lakini sibebi nisichofunga mwenyewe, na mimi napita kwenye mashine ya ukaguzi kama abiria yeyote, mkanda mkononi. (Ndiyo, wanaweza kunizuia na mkasi wa kucha wakati ndani ya ndege kuna shoka la dharura. Marubani wa dunia nzima wanalicheka jambo hili. Ila ukaguzi hauulizi kama mimi ni mwema. Unauliza kama kuna mtu aliyeniwekea kitu.) Nilimshika mama mkono, nikampeleka hadi dirisha la mizigo, nikalipa. Boksi lilifika siku ileile. Bado alimwambia mwanawe kwamba tangu nivae zile dhahabu nimekuwa na maringo.

Kinywaji nacho kina adabu zake. Nchini Marekani sheria inataka zipite angalau saa 8 tangu kinywaji cha mwisho hadi kuruka, na mashirika mengi huweka muda mrefu zaidi. Uingereza, kiwango cha kilevi kinachomtia rubani hatiani ni miligramu 20 katika mililita 100 za damu, wakati dereva wa gari huko England kikomo chake ni 80. Mimi sinywi kabisa, na bado siagizi soda ya tangawizi nikiwa na sare, kwa sababu chupa yake ni ya kahawia na kila mtu ana simu yenye kamera. Naagiza maji. Duka la dawa nako ni vilevile: mafua yakinibana siwezi kununua Piriton nikaenda kazini, maana inaleta usingizi, lazima nimwone daktari wa usafiri wa anga. Muuzaji akishaona tepe huniuliza kwa sauti mbele ya wateja, "Kapteni, unaumwa?" Wateja wote wanageuka.

Kwa hiyo nikitoka kazini, tepe huzivua. Zinachomoka kwa urahisi, unazitelezesha tu kutoka kwenye kamba ya bega na kuzitia mfukoni, unabaki na shati jeupe kama la mwanafunzi wa sekondari. Au najitanda mtandio. Nilipitiliza hivyo msibani Temeke kutoka uwanjani, mtandio mabegani, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu kumenya vitunguu. Mtandio ukateleza. Kabla sijaurudisha nilikuwa nimeshaletewa kiti cha plastiki, na mjomba wa marehemu alikuwa anatafuta namna ya kunitangaza. Nilimwomba aniache na vitunguu.

Ukinikuta nisalimie, na kama wewe ni mkubwa wangu, tafadhali ngoja nianze mimi. Mtoto akitaka kuona chumba cha marubani, mwambie mhudumu wakati tumeegesha. Tukiwa angani mlango ule haufunguliwi kwa wageni, na sheria hiyo imekazwa tangu mashambulizi dhidi ya Marekani mwaka 2001. Uliza chochote kuhusu mawingu, injini au mishahara, na la mishahara sitalijibu. Ila ukiniona nazunguka ndege na tochi mkononi, natazama matairi, mapanga na chini ya bawa, usiniite kwa picha, nisubiri nimalize. Na mzigo wa shangazi upeleke dirisha la mizigo. Wanapima kwa kilo, na risiti utapewa.