Nyumbani kwa Annie Pootoogook

Safu ya mafriza dukani, yamejaa vyakula vya paketi, na watu wamesimama mbele yake wakichagua. Mchoro huo wa mwaka 2005 unaitwa Cape Dorset Freezer, na aliyeuchora ni Annie Pootoogook, mwanamke Mwinuit wa kaskazini ya mbali ya Kanada. Mara ya kwanza unaweza kucheka: friza ya nini kwenye nchi ambayo bahari yenyewe huganda? Lakini ndivyo watu wa huko wanavyoishi. Wanawinda, na dukani pia wanakwenda.

Annie alizaliwa mwaka 1969 Cape Dorset, kijiji kilichopo kusini-magharibi mwa Kisiwa cha Baffin, ambacho tangu mwaka 2020 jina lake rasmi ni Kinngait. Wakazi wake hawafiki elfu mbili, ila jina la kijiji linajulikana na kila mpenzi wa sanaa ya Aktiki. Mwaka 1958 James Houston, Mkanada aliyeishi na Wainuit kwa miaka kadhaa, alikwenda Japani kujifunza upigaji chapa, akarudi na ujuzi huo kijijini. Kuanzia mwaka 1959 ushirika wa wasanii umekuwa ukitoa mkusanyo wa chapa kila mwaka. Msanii anachora kwenye karatasi, fundi anauchonga mchoro juu ya jiwe, mwingine anapaka wino na kupiga nakala, kisha nakala zinasafirishwa kwenda kuuzwa miji ya kusini.

Wanunuzi wa kusini walijua wanachokitaka: dubu, bundi, sili, mwindaji na mbwa wake. Bundi aliyechorwa na msanii Kenojuak Ashevak mwaka 1960 alipata umaarufu hadi akawekwa kwenye stempu ya posta ya Kanada mwaka 1970. Ni kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Ila picha za namna hiyo zilimzoesha mtu wa Toronto kuiwaza kaskazini isiyo na umeme, isiyo na runinga, isiyo na mlevi hata mmoja.

Kwao Annie kuchora kulikuwa kazi ya nyumbani. Mama yake, Napachie, alikuwa mchoraji, na baba yake, Eegyvudluk, alichonga mawe na kupiga chapa. Bibi yake, Pitseolak Ashoona, alizaa watoto 17, akafiwa na mume, na penseli aliishika akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini. Alipofariki mwaka 1983 alikuwa ameacha maelfu ya michoro ya maisha ya kambini: mahema ya ngozi, safari, wanawake wakishona.

Mjukuu alianza kuuchorea ushirika mwaka 1997, kwa penseli za rangi na kalamu nyembamba ya wino mweusi. Alichora watu wameketi sakafuni wakila nyama ya sili, na mtu akitazama kipindi cha Dr. Phil kwenye runinga. Saa ya ukutani inajirudia katika michoro mingi, na kila kitu kipo mahali pake kama siku ile alipokiona.

Ni rahisi kusema kwamba aliipa kisogo sanaa ya wazee wake. Mimi naona kinyume. Bibi alichora kambi kwa sababu aliishi kambini. Mjukuu alichora sebule kwa sababu alikulia sebuleni. Upo mchoro wake wa mwaka 2006 unaomwonyesha Pitseolak akichora kitandani, na wasichana wawili wapo naye. Aliyeiga mfano wa bibi kwa uaminifu zaidi ni nani, yeye au wale waliorudia mahema ambayo hawakulala ndani yake?

Uaminifu huo haukuishia kwenye mambo ya kufurahisha. Katika mchoro mmoja wa mwaka 2002 mwanamume anamshambulia mwenzi wake. Katika mwingine mwanamke anavunja chupa za pombe nje, na jina la mchoro linasema wazi kwamba ni kumbukumbu ya maisha yake mwenyewe. Hakuna damu wala makelele ya rangi. Mstari ni uleule uliochora friza, na ndiyo maana michoro hiyo inauma.

Mwaka 2006 mambo yalikwenda kwa kasi. Jumba la sanaa la The Power Plant la Toronto lilimfanyia maonyesho ya peke yake, na mwaka huohuo akashinda Tuzo ya Sobey ya dola 50,000 za Kanada, Mwinuit wa kwanza kuipata. Mwaka uliofuata michoro yake ilikuwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya Documenta.

Alihamia kusini, akafikia Ottawa. Huko maisha yalimshinda: pombe, kukosa makazi, na michoro akiwauzia wapita njia kwa bei ya kutupa, akiwa ndiye yule aliyetuzwa. Septemba 2016 mwili wake ulikutwa katika Mto Rideau. Alikuwa na umri wa miaka 47. Sajenti mmoja wa polisi wa jiji aliandika mtandaoni maneno ya kibaguzi kuhusu kifo hicho na kuhusu watu wa asili. Alikiri kosa na akashushwa cheo kwa miezi mitatu. Miezi mitatu!

Mwaka 2017 Jumba la sanaa la McMichael, karibu na Toronto, liliandaa maonyesho makubwa ya kazi zake, na mwaka 2021 Ottawa ikaipa bustani moja ya jiji jina lake. Kinngait nako michoro haikusimama. Binamu yake, Shuvinai Ashoona, anachora nyumba za kijiji zikikaliwa na viumbe wa ajabu wenye minyiri, na mwaka 2022 majaji wa Biennale ya Venice walimtaja kwa heshima maalumu.